Kilo Tatu na Gramu Mia Nne

Niliifanyia mazoezi bafuni, sentensi ile moja:
Mama, nina bunduki ndani ya mzigo wangu.
Nikaipunguza, ikawa kama siri.
Nikaipandisha, ikawa kama tishio.
Mwishowe niliisema kama mtu anayesema
nina mayai, tafadhali msiyatupe.

Uwanja wa Luano, saa kumi na moja alfajiri.
Mbele yangu mwanamke na friji iliyozungushiwa kamba,
nyuma padri aliyeshika keki kwa mikono miwili,
na kijana mmoja, akilitazama sanduku langu refu:
"Dada, unapiga gitaa katika bendi gani?"
"Ya baba," nikamjibu. "Imevunjika."

Karani Mwadi hakushtuka. Akavuta daftari,
akaitikisa kalamu mpaka ikakubali kuandika.
Aina? Kalibre kumi na mbili, mtutu mmoja.
Mwenyewe? Kisimba Umba.
Yuko wapi?
                    Makaburini, tangu Januari.
Nikatoa karatasi: ya wilaya, ya mahakama, ya ukoo,
mihuri mitatu
na miezi miwili ya "rudi kesho".

Polisi akaniita pembeni. "Fungua."
Nikaikunja kiungoni, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka tisa.
Tupu. Akachungulia mtutuni kuelekea dirishani,
jicho moja amelifumba, nami nikachungulia baada yake:
duara la mwanga, dogo kama sarafu,
na ndani yake mtu anafagia.
Ilinuka mawese. Mwaka ule wa uporaji
aliifukia chini ya banda la kuku,
ameivika soksi zake za kazini,
na kuku hawakutaga mwezi mzima.
Paa wawili. Tumbili mmoja, aliyemjutia mpaka uzeeni.
Hiyo ndiyo hesabu yake yote.

"Risasi?" Tano.
Zikatiwa kwenye kopo lao, mbali,
zikaandikiwa risiti yao:
mume na mke walioamriwa na hakimu
wasilale chumba kimoja.

Nikazikumbuka zile nyingine, zilizoingia nchi hii kwa mafungu.
Hakuna aliyeziuliza kilo.
Hakuna aliyezipanga foleni nyuma ya friji.
Hii moja, ya mzee wa kuyeyusha shaba,
inawekwa kwenye mizani, inasubiri mshale utulie.
Kilo tatu na gramu mia nne.
Sanduku limeizidi kwa uzito.

Tulikuwa tumeshaketi ukumbini spika ilipokohoa:
"Abiria Kisimba Umba. Abiria Kisimba Umba
afike haraka kwenye mizigo."
Mtu ambaye hakupanda ndege maisha yake yote,
aliyekwenda Kalemie kwa treni, siku nne, amekalia gunia la chumvi,
leo anaitwa abiria,
leo kuna watu wana haraka naye.
Sikuinuka.
Nilitaka aitwe tena.
Akaitwa.

Kumbe ni kufuli tu. "Moja haitoshi," Mwadi akasema,
nikanunua ya pili kwa muuza vocha mlangoni,
bei ya kuniumiza, na funguo zake mbovu
zinazotaka kubembelezwa.

Sasa tuko juu ya mawingu.
Baba mdogo anangoja Kalemie, najua amevaa koti la harusi,
najua amekwisha pigilia msumari ukutani.
Yeye yuko chini ya miguu yangu, gizani, kwenye baridi,
katikati ya friji na mabegi ya watu asiowajua,
hana wa kumsimulia habari za yule tumbili.

Mtoto wa kiti cha pili ameona kamba shingoni mwangu.
"Funguo za nini?"
"Za nyumba."
"Nyumba yenu ina milango miwili?"
Bawa linainama. Upande wangu, ghafla,
ni ziwa tupu.