Umekula au Bado

Wodi ya tatu, Jinja, zamu ya usiku.
Kitanda cha dirishani ni Sista Nóirín,
aliyewafunza ukunga mama zetu na shangazi zetu;
sasa Kiingereza kimemtoka,
hata Kisoga chake kitamu kimekwenda zake,
kimebaki Kiayalandi cha jikoni kwa mama yake.
Kitanda cha mlangoni ni Bwana Lau,
muuza misumari na mabati wa Barabara ya Iganga.
Kiharusi kimemnyang'anya bei zote
kikamwachia Kikantoni.
Kati yao pazia la kijani,
na mimi, na sinia la uji.

Mimi ni mtoto wa kambini.
Baba Mlugbara, mama Mgwere, lugha ya nyumbani Kiswahili,
hiki ambacho sokoni wakikisikia
hushika pochi.
Ndicho nilichonacho, saa nane za usiku.
Nauliza: Umekula?

*D'ith*, anasema Sista.
*Sik jo*, anasema Bwana Lau.

Kila usiku hivyo hivyo, mpaka nikataka kujua.
Daftari la Sista, lililokuwa chini ya mto, likaniambia:
kwao hakuna neno la ndiyo.
Ukiuliza kwa kitenzi, kitenzi hurudi,
kama sahani ya jirani isiyorudishwa tupu.
Na Waiswa, kijana wa duka, miaka kumi na minne akipima waya,
akasema: Mzee naye vivyo hivyo.
*Sik jo* ni amekula, basi. *Mei* ni bado.

Nisiwafanye ndugu, lakini. Si ndugu.
Kiayalandi hubadili neno mdomoni pake:
*bó* ni ng'ombe, lakini awe wangu,
ile b inavua viatu mlangoni, inaingia polepole,
*mo bhó*, ni pumzi tu.
(Nikacheka. Na sisi je? Mtu, watu, utu, jitu:
kichwa kinabadilika, kiwiliwili kile kile.)
Kikantoni hakibadili kitu. Kinapanda na kushuka.
*Si*, akaniimbia Waiswa kwa vidole hewani,
*si* ya juu ni shairi, ikipanda ni historia,
ya katikati kujaribu, ya chini kabisa wakati,
kisha soko, kisha jambo.
Nikajaribu. Nilitaka wakati, nikapata soko.
Kiswahili changu hutembea na kisigino kimoja,
silabi ya pili kutoka mwisho, ko, ko, ko,
kama kwata.

Sista hasemi nina njaa.
Njaa iko juu yake. Huzuni iko juu yake.
Nikamfunika blanketi
nikaona mabegani mwake vilivyolaliana vyote hivyo,
na Donegali nzima.
Bwana Lau naye ana alama ya *kuna*;
Waiswa aliichora kwenye boksi la glavu.
Ndani ya tumbo lake mna mistari miwili.
Itoe hiyo miwili, inasomeka *hakuna*.
Stoo ile ile. Imeuzwa imekwisha.

Lugha mbili, kila moja na jirani mkubwa
anayepiga redio juu ya ukuta.
Najua ukuta huo. Hata sikuuliza.

Jumanne Sista hakufumbua macho.
Nikasimama na kijiko. Umekula, Sista?
Mto Nile unavuma kule bondeni.
Umekula?
Kitenzi hakikurudi.
Nikatafuta neno la kuandika kwenye kadi, chini ya *chakula*,
kalamu ikakaribia *hapana*.

Nyuma ya pazia kitanda kikalia kwe.
*Mei*, akasema Bwana Lau,
ile ya chini, aliyoibeba kwa nusu ya mdomo uliomsalia.
*Mei.*

Nikaandika: bado.
Nikaufunika uji usipoe.