Mayai ya Mti

Mwezi wa tatu, barafu ya mfereji haijamaliza kuvunjika,
Renske aliacha kula.
Alijinyofoa manyoya ya kifua, moja moja,
akatandika nyuma ya pipa la mvua
kitanda laini kuliko changu.

Mayai matano, kila moja limejaa kiganja,
meupe, safi,
na ndani hamna mtu.
Dume hatujawahi kuwa naye. Huyu mwenyewe
tulimnunua sokoni Leeuwarden, ndani ya boksi la viatu,
tukaambiwa ni bata wa kawaida.

Kaka yangu Hessel si msemaji.
“Kaanga,” alisema.
Yai moja la bata bukini hushibisha watu wawili,
na sisi tu watu wawili, basi.

Nikaenda na kikapu.
Akanilaki kwa sauti ya nyoka, shingo chini, mbawa wazi.
Alama ninayo pajani:
ilianza buluu, ikawa kijani, sasa ni rangi ya haradali.
Miaka thelathini na mmoja nimegawa barua vijiji hivi,
nimeumwa na mbwa wa kila ukoo,
wala hakuna aliyenitazama vile.

Baukje, daktari wa mifugo, alinijibu kwa simu huku akitafuna:
Ukiyachukua yote atataga mengine,
mpaka mifupa yake iishiwe chokaa.
Ukiyaacha yatakuwa viza,
na siku ya jua kali yatampasukia tumboni.
Mpe ya uongo. Siku zake zikitimia ataamka.

Asiye na mwana, aeleke jiwe.
Nililitamka mezani, kwa mzaha.
Hessel akaweka kijiko chini.

Usiku ule taa ya karakana haikuzimwa.
Zamani alichonga mitalawanda ya wakulima,
kabla ya mpira na plastiki,
na vipande vya mpopla bado anavyo, vikavu kama mkate wa juzi.
Asubuhi, juu ya gazeti: mayai matano,
yamepigwa msasa, moja lina jicho la fundo.
Kipimo chake barabara.
Sikuuliza lile la mfano alilitoaje.
Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa.

Tulibadilisha gizani,
yeye na tochi na jani la kabichi,
mimi na glavu za kuokea.
Yale ya kweli yakawa keki, na keki nyingine,
mpaka majirani wakaanza kujifanya hawapo nyumbani.

Siku ya ishirini na nane. Ya thelathini.
Kila alasiri nilimwinua kwa nguvu, aoge, ale ngano kidogo.
Mfupa wa kifua ulinikata vidole.
Dakika kumi, na mbio anarudi,
anayageuza kwa mdomo, taratibu,
anayasikiliza.

Subira huvuta heri. Ya kwake ilivuta utitiri.

Siku ya thelathini na sita alikuwa akiyageuza
pale lenye fundo lilipomponyoka.
Likabingirika ukingoni, likaingia mfereji.
Halikuzama.
Renske akasimama. Akalitazama likielea,
likienda zake polepole kuelekea daraja,
kisha akalifuata: kifua, mgongo, kichwa chote majini,
akipiga mbawa hadi nguo za kwenye kamba zikalowa.
Dakika kumi zikapita. Nusu saa.
Yai likapita chini ya daraja, hakugeuka.

Tukazoa matandiko, tukamwaga maji baridi,
tukaziba kwa mbao.
Aliporudi alisimama pale kitambo,
akanitukana kidogo,
akaenda kung'oa majani.

Mwezi wa kumi nilikuwa nikitia kiraka koti la Hessel.
Mfukoni, chini ya leso na misumari,
nikagusa yai la sita.
Hakuna aliyemwagiza la sita.
Limeng'aa kwa kushikwashikwa, upande mmoja
limeanza kuwa jeusi.

Nililirudisha mlemle,
nikashona mfuko, uzi mara mbili,
nikalitundika koti mahali pake.