Behewa na Honi

Nilikuita Behewa siku ulipoletwa,
kwa nyayo zako, kila moja pana kama kisahani,
kwa kichwa kilichotangulia kukua
kikauacha mwili ufuate baadaye.
Miezi mitano, kilo thelathini na moja
kwenye mizani yangu ya asali,
na bado unajificha nyuma ya ndoo.

Mkwe wangu Kasonda alikuleta ulinde ghala.
"Mama, huyu akibweka, mwizi ataacha viatu."
Hukubweka.
Jogoo wa jirani alikukodolea macho,
ukaingia uvunguni, ukakwama,
tukakutoa kwa kuinua kitanda.

Basi twende stesheni. Si kusafiri, kutazama.
Jumapili ya kwanza tuliishia duka la vocha,
hatua arobaini kutoka getini, nilizihesabu.
Ukaukalia mguu wangu kwa uzito wako wote
ukatetemeka mpaka khanga yangu ikatetemeka.
"Mburute!" akasema kijana wa bodaboda.
"Mbwa ni wa kuburutwa, atazoea."
Nikamwuliza: wewe kuogelea
ulifundishwa kwa kutupwa kisimani?
Akacheka, akawasha pikipiki,
na pikipiki ikatuharibia asubuhi.

Sikukuvuta. Kamba niliiacha ilegee
kama kamba ya kuanikia siku ya mvua.
Mfukoni nina dagaa wa Kigoma, wakavu:
ukimtazama mpita njia ukabaki, dagaa.
Ukirudi nyuma, sikulaumu,
tunarudi wote, hatua mbili, tatu,
mpaka pale pumzi yako inapokumbuka njia.

Watoto wa Kanyenye wamezoea hivi:
mbwa huyo, jiwe hili.
Nikawaambia, tueni mawe,
mtuhesabie mabehewa ya mizigo.
Wakahesabu. Mmoja wao, Mhoja, akauliza:
mbona mkubwa hivi, na mwoga?
Nikamjibu: mimi je? Nimejaa mlango mzima
na sindano ya Kitete inanikimbiza.

Maalimu Hamdani hupita ng'ambo ya barabara,
kanzu ameikusanya mkononi,
na huko huko aliko anasalimu:
"Mgonjwa wako hajambo?"
Hakugusi, nami simwombi akuguse.
Uijue adabu hiyo, Behewa:
si kila anayekutakia heri atakupapasa.

Wanasema mbwa hafi maji akiona ufuko.
Tabora ufuko tuutoe wapi?
Tuna mchanga, reli, na harufu ya tumbaku.
Ufuko wako ni goti langu.
Litazame, kisha uwatazame tena watu.

Leo, Jumapili ya tisa, hatua kumi na nne.
Treni ilikuwa imechelewa, tukamaliza nusu ya dagaa,
ndipo honi ikalia kule kwenye kona.
Nikausikia moyo wako ukigonga muundi wangu.
Masikio yakalala.
Mkia ukaanza safari ya kwenda tumboni,
ukafika katikati,
ukasimama.
Ukalitazama goti.
Ukala dagaa.

Treni ikaingia na watu wake,
magodoro yao, madumu yao,
mama mmoja na jogoo kikapuni
(mlitazamana, nikashika pumzi),
nawe umeketi, rangi ya tofali,
udenda unakudondoka hadi sakafuni.
"Kumi na moja," Mhoja akahesabu mabehewa,
kisha akakunyoshea kidole kwa mbali:
"Na hili la kumi na mbili."

Tuliondoka ungali unataka kubaki.
Nilitaka hamu ikurudishe, si kamba.

Ila karibu na nyumbani, jua kali,
mtu akafungua mwavuli.

Kasonda, baba,
ukimaliza kula,
njoo uinue kitanda.