Ko, Ko

Kalenda ya chama cha wakulima wa chai
inaning'inia jikoni kwetu, Isongole.
Masizi yamekwisha kula Januari.
Chini ya kila tarehe pana maandishi madogo:
siku kama ya leo reli ilizinduliwa,
siku kama ya leo alizaliwa mfalme
wa nchi nisiyoijua, leo kimbunga, leo mkataba.
Tarehe kumi na tisa Juni hapana neno.
Hapo nimechora msalaba kwa kalamu ya bluu.

Mwaka wa tisa tangu mama alale.
Ukungu umeshuka kutoka Rungwe hadi kwenye migomba,
wageni wameingia na makoti, na ndaga, na viazi,
na Gwamaka kafika jana usiku kwa basi la Sumbawanga,
angali na harufu ya msitu wa Mahale
anakofuata sokwe mtu kwa daftari na saa ya mkononi.

Anasimulia, wala hakuna aliyemuuliza:
"Wa kwetu wakitoana chawa
hushikana mkono mmoja juu, hivi,
kama paa la kibanda.
Nenda Gombe, ziwa lilelile, huwaoni wakifanya hivyo.
Wa kwetu huvua sisimizi mtini kwa kijiti.
Kule sisimizi wapo pia;
miaka na miaka walipitwa tu."

Shangazi Sekela anacheka. "Nani aliwafundisha?"
"Hakuna. Mtoto hukaa ubavuni mwa mama, anatazama.
Anavunja kijiti. Anatazama tena."

Ndizi zimeiva.
Nagonga kifuniko cha sufuria kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, ndipo nafunua.
Gwamaka ananyamaza.
Kwa nini umegonga?
Sijui. Mama aligonga.
Labda mvuke, labda mende,
labda bibi yake, kule Masoko,
alikuwa na chungu chenye ufa
akawa anausikiliza.

Anatoa daftari lenye madoa ya mvua,
anaandika saa, anaandika jina langu,
kana kwamba mimi ni wa kundi fulani la kusini.
Sikasiriki. Namwekea ndizi.

Mlangoni, Tumpe,
aliyezaliwa bibi yake keshazikwa zamani,
amefunika kikombe cha bati kwa sahani.
Ko. Ko.
Anafunua, anachungulia:
maji tu.
Anageuka kututazama
kama tumesikia.