Kistari cha Sauti ya Pili

Siku ya kwanza Ndeonasia aliposema "kodi"
nilimfikiria mwenye nyumba wangu wa Pasua
na tarehe tano inavyonyata.
Alicheka hadi akafunika kinanda.
"Hii hailipwi, baba. Inajengwa:
do, mi, so,
tatu kwa pamoja, kama mafiga."

Nina miaka hamsini na miwili.
Mchana nafumua makoti ya mitumba pale Kiboriloni,
napunguza mabega ya watu nisiowajua
yakae juu ya mabega ya Uru na Kirua.
Jumanne na Alhamisi jioni nafumua nyimbo.
Kazi ni ileile: wembe, subira,
na hofu ya kuchana kitambaa.

Aliandika namba za Kirumi chini ya mistari.
"Usiniambie inaitwaje. Niambie inafanya nini."
Moja iko nyumbani.
Nne imeaga, ina mkoba mkononi, bado inaongea uani.
Tano ni sindano iliyokwisha toboa,
sharti itokee upande wa pili,
na ndani yake mna ti
inayowasha kama lebo kwenye kola
mpaka do iikune.

Nilikosea sana.
Nilisikiliza besi tu, nikadhani
aliye chini ndiye mwenye nyumba.
"Mzizi huweza kukaa katikati," alisema,
"au juu kabisa. Sogeza masikio."
Nilirudi kwangu nikiwa nimekasirika, sijui na nani.

Mwezi wa nne nikaleta daftari la mama.
Miaka thelathini na mmoja, sauti ya pili, Kirua.
Penseli, noti za do re mi, doa la chai.
Do, kistari. Do, kistari, kistari.
Nyumbani tulimcheka:
wenzake wanapanda, wanashuka,
yeye kasimama na do moja
kama anayesubiri chenji.
Na karibu na mwisho, wote wamekwisha fika kwenye tano,
yeye bado yuko na do yake, pigo zima,
ndipo ateremke ti.
Baba alikuwa akisema, mama yenu huchelewa hata mbele ya Mungu.

Tukafumua.
Chini ya moja, do yake ni mzizi.
Besi ikihamia la, do ileile ni ya tatu,
ndiyo inayoamua kama nyumba ina msiba.
Besi ikienda fa, do ni ya tano, mjazio tu,
mtu anayeosha masufuria harusini.
Hakusogea.
Wengine ndio waliombadilishia kazi.

Pale penye kuchelewa Ndeonasia aliweka kidole.
"Ameandikiwa. Tazama kistari.
Anaibeba do aingie nayo kwenye tano,
isuguane na re ya sauti ya tatu,
kisha aiachie."

Nikamwomba apige bila yeye.
Akapiga.
Koti bila bitana.

Zoezi la mwisho: vipimo vinane, vyangu mwenyewe.
Moja, sita, nne, tano,
nikakumbuka kistari, nikakiweka mahali pake.
Na pale palipotaka moja
nikaandika sita:
do ya juu ileile, ti ya mama imepanda ilikotakiwa,
ila besi chini yao imekwenda la.

Akazungushia kalamu nyekundu.
"Hujakosea. Lakini wimbo unaishia hapa,
na hujafika nyumbani."
"Najua," nikasema. "Tangu Februari pamefungwa.
Ufunguo anao shemeji."

Hakusema pole. Alivuta rula,
akachora vipimo viwili zaidi, vitupu,
akanirudishia penseli.