Buibui Asiyesuka

Alikuja usiku wa tatu tangu nihamie,
chini ya taa ya veranda, rangi ya mchanga,
mpana kama kiganja cha mtoto wa shule,
manyoya ya dhahabu kila kiungo.
Nilihesabu miguu: minane. Nikarudia: kumi.
Sikuhesabu mara ya tatu.

Nilikuwa nimebeba birika la chai ya kijani.
Nakumbuka tu nilijikuta juu ya ulingo wa kulalia,
birika mkononi, viatu chini, kimoja kimepinduka,
naye akipita katikati yake kwa mwendo
ambao jicho likifika, umekwisha.

Mama mkwe, Ogulsapar, hakuinuka kwenye zulia.
Alikata mkia wa uzi kwa meno.
"Falanga," akasema, kama anayemtaja jirani
mwenye deni dogo. "Atakula nondo, atakwenda zake.
Miguu yote hiyo, na hajui hata kusuka."

Mimi ni mtoto wa ghorofa ya nne, Ashgabat.
Kwetu wadudu walipanda ngazi wakachoka njiani.
Hapa jangwa linaanzia kwenye banda la kuku:
reli, vichaka vya saksauli,
na upepo unaopekua kila kitu kama mpangaji mwenye wivu.
Begmyrat hufanya zamu ya usiku stesheni.
Nilimpigia simu.
"Kuna kitu ndani."
"Kikubwa kiasi gani?"
"Kina haraka."
Alicheka mpaka treni ya mafuta ikamkatiza.

Wiki ile nilisikia mengi.
Oraznabat wa dukani, huku akinipimia sukari, aliapa
kwamba hupasua ngamia tumbo,
kwamba hunyoa waliolala, akawatandikie wanawe,
kwamba ukimkimbia anakukimbiza, na hachoki.
Nililala na kilemba, mafundo mawili,
na kiatu cha mume wangu kifuani.

Kisha Jumanne, saa sita ya Julai,
jua limesimama juu ya ua kama mdai.
Naenda kutoa mkate tanurini, nagusa kuni,
anachomoka.
Nakimbia. Ananifuata.
Nakata kushoto penye banda; naye kushoto.
Narudi kwa tangi la maji; huyo, kisiginoni.
Oraznabat alisema kweli, nikawaza,
na pumzi ikaniishia palepale, nikasimama nife.

"Tulia!" Ogulsapar akapaza sauti dirishani.
"Kila ukikimbia unamnyang'anya!"
"Namnyang'anya nini?"
"Kivuli."

Nikatazama chini.
Kilikuwa kifupi, kivuli changu cha mchana,
hakizidi sinia,
naye amejibana humo mzima, kati ya nyayo zangu,
tumbo likipanda, likishuka.
Katika ua wote ule uliokuwa ukichomeka
hakupata paa jingine ila mimi.

Sisemi nilimpenda.
Taya zake zilisagana kama mkasi wa kinyozi,
na nyama ya miguu ilinisisimka hadi magotini.
Ila sikuondoka.
Halafu nikajivuta hatua moja, ya kuburuza,
akaja nayo. Nyingine. Akaja.
Tukavuka ua hivyo, bi harusi na mgeni wake,
mpaka ukuta wa ghala, penye kivuli kinono,
akanitoka bila kuaga.

Bado nakung'uta viatu kila asubuhi.
Bado nikiona kitu kinatambaa taani
roho hunipanda kabla ya akili.

Mkate ulikuwa umeungua upande mmoja.
Nilingoja neno. Halikuja.
Ogulsapar aliumega katikati,
akala ulioungua,
akanisukumia ule mwingine.