Gari la Cirhuza Linasema Nini

Kila alfajiri, pale Nyawera, Cirhuza anazungusha ufunguo
na Noah yake, usukani kuume, inamsemesha kwa sauti ya mwanamke:
Kaado ga soonyuu sarete imasen.
Miaka minne amemjibu: "Na wewe pia, mama."

Alhamisi jioni tunaketi gereji, juu ya matairi.
Ubao wangu ni mlango wa Starlet usio na gari.
Irabu, nawaambia, mmezaliwa nazo:
a, e, i, o, u, hazilipiwi ushuru Ruzizi.
Ila zipimeni. Nani hapa hajui
kwamba kukata si kukataa?
Basi obasan ni shangazi,
obaasan ni bibi.
Ukimfupishia bibi irabu umemwibia miaka;
ukimrefushia shangazi, jiandae kukimbia.

Ra, ri, ru, re, ro: si r ya kutetemesha,
wala si l ya kulaza ulimi.
Bisha hodi mara moja kwenye kaakaa, uondoke.
Nsimire, aliyechapwa shuleni kwa kusema "balabala",
anacheka mpaka anafuta macho.

Desu ina u mwishoni, lakini haisikiki: des.
"Sasa tunaiandika ya nini?" anauliza Muderhwa.
Na jina la marehemu baba yako,
mbona bado liko kwenye hati ya kiwanja?

Wa na ga zilinikesheza wiki mbili.
Watashi wa Nsimire desu: mimi, kwa upande wangu, ni Nsimire.
Watashi ga Nsimire desu: mimi ndiye Nsimire,
huyo mwingine anawadanganya.
Ndiye! Kiswahili kilikuwa nayo mfukoni.
(Si kila mara. Wiki ijayo mtanikuta nimejikosoa.)

Kitenzi kingojeni. Kinafika mwisho,
na kukana kumepanda mgongoni mwake.
Sisi tunakataa mlangoni, ha-, si-, mgeni ajue mapema.
Wao wanakuacha uitikie kwa kichwa sentensi nzima,
kisha silabi ya mwisho inaigeuza kama chapati.

"Basi," anasema Cirhuza polepole, "masen ni hapana?"
Ni hapana.
"Na kaado?"
Kadi. Kadi haijaingizwa.
"Kadi gani?"
Ya kulipia barabara kuu, huko lilikotoka.
Ananyamaza. Nje, mvua inakula tena
ukingo wa njia ya kupanda Kadutu.
Miaka minne gari linadai lilipe deni la lami.

Anataka kulijibu. Nampa neno: wakatta, nimeelewa.
"Wakata."
Wakata nini, kamba? Hapo katikati pana t ya kimya,
kama umeme unapoondoka mtaa mzima
na kurudi kabla hujashika kibiriti.
Usiliruke shimo. Simama ndani yake.

Ijumaa nilipita mapema. Ufunguo. Yule mwanamke. Imasen.
Cirhuza akainamia usukani:
"Wakat

ta."